Nyumba ya Vyumba Sita

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, Dar es Salaam)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze habari za majengo, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipomaliza Chuo cha Ufundi mpaka nilipostaafu. Nadhani alitegemea nitasema juu ya maghorofa yanayoota mjini kila kukicha. Hayo mnayaona wenyewe, na waliyoyajenga hawakuniomba niwasifie. Mimi nimechagua kusema juu ya nyumba moja ya kawaida kabisa, iliyoko Temeke, yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Baadhi yenu mmelala ndani yake. Wale mliokuwa mkitoka Mafia, Kilwa na Lindi, mkafika Dar es Salaam siku mbili kabla ya treni ya kwenda shuleni, mtakumbuka kwamba kila mwezi wa Januari ukumbi ule ulijaa masanduku ya bati hata marehemu mama akawa anapita ubavu.

Nyumba hiyo sasa imepata mnunuzi. Warithi tuko tisa, nami ndiye msimamizi wa mirathi. Kabla sijatia sahihi yangu mahali popote nimeona ni haki nyumba yenyewe ielezwe ilivyo, na ielezwe mbele ya watu wanaoifahamu.

Kwanza, kwa nini iko Temeke. Mji huu tangu wakati wa Wajerumani ulipangwa kwa kutenganisha watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na mpango ule ule, ila baadaye waliona haya kuutaja kwa jina lake. Mwaka wa 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb iliwatengenezea ramani kuu ya mji, na ndani yake hamkuandikwa Mzungu wala Mwafrika. Kuliandikwa sehemu za makazi ya nafasi, za kiasi, na za kubanana. Sehemu za nafasi zilikuwa kama Oyster Bay, kule kwenye upepo wa bahari. Sehemu za kubanana zilikuwa Ilala, Magomeni, Temeke na nyinginezo kama hizo. Mtu hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Kariakoo ilikuwa imekwisha kujaa, Ilala ikawa inajaa, na serikali ikawa inapima viwanja nje ya mji ili kupokea watu waliokuwa wakiingia kila siku kutoka mikoani. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Kumi baadaye, mwaka wa 1967, walikuwa 272,821. Jiulizeni wale waliozidi walilala wapi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga kota zake Ilala, Magomeni na Temeke kwa ajili ya wafanyakazi, lakini zilikuwa chache, na aliyeachishwa kazi aliachishwa na nyumba. Waliobaki walilala katika vyumba vya kupanga, katika nyumba za watu kama baba yangu.

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Alipata kiwanja chake mwaka wa 1955, nami nilikuwa na miaka mitano. Hakuwa na fedha ya kujenga nyumba. Alikuwa na fedha ya kujenga vyumba viwili. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana siri yote ya nyumba ya namna hii iko hapa. Ramani ya vyumba sita haitaki ijengwe yote kwa siku moja. Unasimamisha vyumba viwili vya mbele na kipande cha ukumbi kati yao, unaezeka, unahamia chumba kimoja na kingine unakipangisha. Kodi ya kile kimoja inanunua miti ya vyumba viwili vya katikati. Vikimalizika unapangisha viwili, na safari hii kasi inaongezeka. Daftari la baba bado ninalo. Chumba cha mbele kilikuwa shilingi 18 kwa mwezi na cha nyuma shilingi 15, na kando ya kila malipo ameandika fedha ilikokwenda: boriti, misumari, chokaa, mabati mawili, mabati matatu. Benki hapo haimo. Vyumba vya mwisho vilikamilika mwaka wa 1960, kwa hiyo nyumba ilichukua miaka mitano na Uhuru ukaikuta imesimama.

Ilikuwa ya miti na udongo, kama zilivyokuwa karibu zote. Nguzo zilikuwa mikoko ya Rufiji iliyoletwa kwa majahazi. Mti ule mchwa huuonea uvivu. Kati ya nguzo zilifungwa fito za kulala, ndani na nje, na katikati ya fito ukatomelewa udongo na vipande vya mawe. Kazi ya kukandika ilifanywa na majirani kwa siku moja, na malipo yake yalikuwa wali. Baadaye ukuta ulipakwa chokaa, na aliyepita njiani asingejua kwamba ndani ni tope. Mapaa ya makuti yalikuwa yameanza kuonewa haya wakati ule. Kuna walioezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa. Paa jekundu kwa kutu, na mvua ikinyesha husikii mtu anasema nini. Baba alisubiri mpaka akapata bati la kununuliwa dukani, na jambo hilo alilitaja maisha yake yote.

Nimeipima nyumba ile mwenyewe, mwezi uliopita, kwa utepe wangu wa kazi. Upande wa barabarani ina futi 28, na kwenda nyuma ina futi 35. Kila chumba ni futi 10 kwa 11. Ukumbi ni futi 6, nao unatoka mlango wa barabarani moja kwa moja hadi mlango wa uani. Vyumba ni vitatu kila upande, milango ikitazamana. Nje mbele kuna baraza ya saruji, kimo cha kukalia. Nyuma ni ua wenye jiko, bafu na choo cha shimo, pamoja na vyumba viwili vidogo vilivyoongezwa mwaka wa 1972. Hiyo ndiyo nyumba yote. Ukiijua moja umezijua zote, kutoka Temeke hadi Magomeni hadi Kinondoni, na ndiyo maana wasomi wa majengo kwa miaka mingi waliipita bila kugeuza shingo.

Mzungu mmoja hakuipita. Bwana J.A.K. Leslie, aliyekuwa ofisa wa utawala, aliuchunguza mji huu katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na kitabu chake kikachapwa mwaka wa 1963. Pamoja na yote ambayo mtu anaweza kubishana naye, aliona vizuri kwamba nyumba hizi hazikuwa za ukoo mmoja. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki wakakaa wageni wa makabila mbalimbali. Kwetu mwaka nilioingia Kidato cha Kwanza, yaani 1964, alikuwamo Mmatumbi, Mluguru mmoja na mkewe, mshona viatu wa Kingoni, na mama mmoja wa Kimanyema aliyeuza maandazi. Tulishiriki ukumbi mmoja, jiko moja na choo kimoja. Watu huuliza Kiswahili kilikujaje kuwa lugha ya Taifa. Kuna waliofanya kazi kubwa katika ofisi na magazeti, siwapunji. Lakini katika ule ukumbi Mngoni na Mluguru walipaswa kuelewana leo hii hii, maana maji yamekwisha na zamu ni ya nani?

Sasa niseme juu ya ukumbi huo, kwa kuwa ndio akili ya nyumba. Mtu asiyeujua huuona kama njia tu. Fungua mlango wa mbele na wa uani kwa pamoja, na upepo unapita humo kama maji katika bomba. Mchana wa jua kali ndipo mahali pa baridi kuliko pote. Baiskeli zililala humo, wagonjwa walitandikiwa mkeka humo, na wageni kama ninyi mlilala humo mkipangwa kama samaki mnadani. Chumba kikifungwa mlango hakipati upepo huo, na kikifunguliwa jirani anaona kitanda chako. Dawa yake ilikuwa pazia. Kila mlango ulikuwa na pazia, na kulikuwa na sheria isiyoandikwa kwamba pazia likiteremshwa ni ukuta. Usiulize, usichungulie, usiite zaidi ya mara mbili. Nimeishi baadaye katika nyumba za kuta za zege zenye adabu ndogo kuliko lile pazia.

Msije mkadhani naisifu tu. Kama fundi nathubutu kusema kasoro zake. Viwanja vilipangwa kufuata barabara, si kufuata pepo. Wale wa Oyster Bay walielekeza nyumba zao baharini na kuziachia nafasi, kusi na kaskazi zikawaingilia madirishani. Yetu inatazama barabara, na barabara inatazama inakotaka. Kila chumba kina dirisha moja, na siku hizi dirisha hilo liko hatua mbili kutoka ukuta wa jirani. Kuta za ndani za zamani hazikufika hadi kwenye paa. Hewa ilipita juu yake, jambo zuri, na maneno yalipita pia. Tulipozipandisha kuta hadi juu tulipata siri tukakosa hewa. Ukumbi ni giza. Umeme ulikuja kwa mita moja kwa kaya sita, na kama kuna kitu kilichowahi kugombanisha watu waliovumiliana kwa miaka ishirini, ni ile mita. Choo nitakifikia baadaye.

Ukuta wa udongo uliondolewa kidogo kidogo. Mwaka wa 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi, na saruji ikawa kitu cha kufikiriwa na watu wa kawaida. Baba aliubadilisha ukuta wa mbele kwa matofali ya saruji mwaka wa 1968, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, huku paa likishikiliwa na zile zile nguzo za mikoko. Wapangaji hawakuhama hata siku moja. Ndiyo kusema nyumba ile ilijengwa mara mbili na watu wakiwa ndani.

Linganisheni na namna nyingine. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka wa 1962, lilianza kwa ari kubwa kubomoa nyumba za udongo, Magomeni na kwingineko, na kujenga za matofali mahali pale pale, mwenyewe akilipa polepole. Nyumba zilizojengwa zilikuwa nzuri, na mkizitazama ramani yake mtaona ni ile ile yetu ya vyumba na ukumbi katikati. Wataalamu walikuja wakakuta fundi wa mtaani amekwisha kuwatangulia. Tatizo lilikuwa la hesabu. Ukibomoa nyumba ya vyumba sita ukajenga ya vyumba sita, umetumia saruji nyingi na mji haukupata chumba hata kimoja cha ziada, na huku treni na mabasi yanashusha watu. Mpango ule haukuendelea baada ya miaka ya 1960. Mwaka wa 1972 Serikali ilikubali kuzitambua na kuzitengeneza sehemu zilizojengwa bila kupimwa badala ya kuzivunja, na ndipo zikaja kazi za Manzese, na viwanja vipya vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni.

Ndugu Mwenyekiti, hapa siasa iligusa nyumba yetu. Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka wa 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, lakini hiyo ilihusu majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyopangishwa. Ya baba haikukaribia hapo. Lililotugusa ni masharti ya uongozi. Mwaka wa 1978 nilipandishwa cheo serikalini nikaingia katika daraja lililohesabiwa kuwa la uongozi. Baba alikuwa amechoka, akataka kuniandikisha nyumba. Nilimwambia siwezi: chumba kimoja tu chenye mpangaji kingetosha kuniondoa kazini. Alinitazama kwa muda, akasema, «Basi hao watu sita niwafukuze ili wewe uwe mjamaa?» Sikuwa na jibu, na mpaka leo naliona ni swali zuri. Nyumba ikabaki kwa jina lake. Alifariki mwaka wa 1983. Masharti yale yalikuja kulegezwa mwaka wa 1991 kule Zanzibar, lakini wakati huo nyumba ilikuwa imekwisha kuwa ya watoto wa marehemu wote, na baadhi ya hao nao wameacha watoto. Ndiyo sababu leo tuko tisa.

Sasa mnunuzi. Barabara ya Kilwa imepanuliwa na njia ya mabasi yaendayo haraka imepita, na kiwanja cha Temeke ambacho zamani ungekitoa kwa baiskeli na saa ya mkononi leo kinaitwa dhahabu. Anataka kubomoa na kujenga ghorofa sita. Anatupa uchaguzi: fedha taslimu, au nyumba tatu ndani ya ghorofa hilo. Sheria ipo, ya mwaka wa 2008, inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Lakini tatu kwa watu tisa, nani atakaa na nani?

Najua mtanitajia Magomeni Kota, na ni haki kuitaja. Kota zile zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kaya 644 zikaondoka zikiwa na ahadi mkononi. Ujenzi ulianza mwaka wa 2016, na maghorofa yakazinduliwa mwezi wa Machi 2022. Ahadi ilitimia, nami nilikwenda kuyaona nikafurahi. Nyumba zina maji ndani na choo ndani, na kina mama niliozungumza nao hawataki kusikia habari za kurudi kwenye kota. Lakini pale mwenye mali ilikuwa Serikali, nayo ilijua majina ya waliotoka. Kwetu wapangaji hawamo katika mkataba wowote. Yumo mama mmoja ambaye amepanga chumba cha pili kulia kwa miaka 31 na kusomeshea watoto wanne humo kwa kukaanga samaki. Mnunuzi aliponiuliza kama nyumba iko wazi, nilimwuliza wazi maana yake nini.

Nimepiga hesabu za ufundi. Ghorofa juu ya nyumba ile haliwezekani. Msingi ni wa kina kifupi na kuta hazina nguzo za zege. Kinachowezekana ni kuiacha ya mbele, kuvunja vile vyumba viwili vya uani, na kusimamisha hapo jengo jembamba la ghorofa moja, vyumba vinane, vyoo vya maji juu na chini. Kijengwe kwa namna ya baba: viwili, kodi, viwili tena. Kitachukua miaka sita au saba. Ramani nimechora.

Warithi watatu wananiunga mkono, nami ni wa nne. Wanne wanataka fedha, nao si watu wabaya. Mmoja ana mgonjwa wa figo nyumbani, na mgonjwa hasubiri miaka saba. Wa tisa ni dada yetu mkubwa. Yeye ndiye pekee aliyeishi katika nyumba ile tangu vyumba viwili vya kwanza, na ndiye aliyewapikia ninyi. Nilikuwa na hakika atakuwa upande wangu. Nilipomweleza juu ya ukumbi, upepo na mikoko ya Rufiji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, «Ninyi mnaipenda kwa sababu hamchoti maji.» Ana miaka 79, na choo kiko ng'ambo ya ua, na usiku wa masika ua ni bwawa.

Kwa hiyo nimebadilisha jambo moja katika ramani. Kazi ya kwanza haitakuwa vyumba vya uani. Itakuwa choo na bafu ndani, mwisho wa ukumbi upande wa kushoto, kwa kukata futi 4 kutoka chumba cha nyuma ambacho ni chake mwenyewe. Gharama nimeiweka kwenye pensheni yangu, haitasubiri kodi ya mtu. Sijui kama itamgeuza. Kikao cha warithi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, pale pale ukumbini.

Ombi langu kwenu ni dogo. Nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere pale Magomeni katika miaka ya kupigania Uhuru imehifadhiwa kuwa makumbusho, nalo ni jambo jema. Imehifadhiwa kwa sababu ya aliyekaa ndani. Za kwetu hazikukaa mtu wa kuandikwa. Kama kwenu Kinondoni, Ilala au Keko kuna nyumba ya vyumba sita ambayo bado imesimama, chukua utepe uipime kabla ya dalali kufika, uandike na majina ya waliopanga, kwa miaka yao. Leteni kwa Katibu; amekubali kuvipokea.

Ramani yangu iko pale mezani karibu na sahani ya sambusa. Iangalieni, na aliye mhandisi anikosoe, hasa mahali bomba la maji machafu linapopita chini ya ukumbi. Naomba tu msiweke vikombe juu yake. Nakala ni hiyo moja.